Tanzania: Kuondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani, na njia za kurejea masomoni

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwanafunzi aliyeondolewa masomoni kwa sababu ya matokeo mabaya husemwa kuwa "amedisko". Neno hilo halina uhusiano na muziki wala dansi. Limetoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kusitisha, ambalo huandikwa katika safu ya mwisho ya orodha ya matokeo, mbele ya namba ya mwanafunzi aliyeshindwa. Wanafunzi wamelifupisha na kulitia mzaha, pengine kwa sababu jambo lenyewe halichekeshi hata kidogo.

Habari hii haiwahusu Watanzania peke yao. Vyuo vya Tanzania hupokea vijana kutoka Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na familia nyingi zilizo mbali huja kupata taarifa baada ya miezi, tena kwa simu ya mtu mwingine. Wakati huo nafasi ya kukata rufaa imekwisha kupita, pango la chumba limelipwa bure, na kijana mwenyewe amechoka kwa kusema uongo. Kuondolewa chuoni ni uamuzi wa kiutawala wenye hatua, tarehe na milango yake. Asiyeijua milango hiyo huuchukua uamuzi huo kama hukumu ya maisha yake yote.

Hesabu inavyofanyika

Vyuo vikuu vingi vya Tanzania hutumia kipimo cha wastani wa pointi kinachoishia 5.0. Katika mfumo unaotumiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vingine vingi, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E haina kitu. Alama ya kufaulu somo ni C, inayoanzia 40 kati ya 100. Vyuo vya tiba huweka kiwango cha juu zaidi. Kwa kawaida 40 kati ya alama hizo 100 hutokana na kazi za darasani na majaribio, na 60 hutoka katika mtihani wa mwisho wa muhula. Shahada hutolewa kwa mwenye wastani wa 2.0 au zaidi.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Wao huuliza, "Umefeli masomo mangapi?" ilhali chuo kinauliza pia wastani ni upi. Tuchukue mfano mwepesi wa masomo matano yenye uzito sawa. Mwanafunzi wa kwanza amepata B+ moja, B mbili na E mbili: pointi 10, wastani 2.0. Wa pili amepata C tatu na E mbili: pointi 6, wastani 1.2. Wote wawili wamefeli masomo mawili. Wa kwanza atafanya mtihani wa marudio, unaoitwa "sapu" na wanafunzi, kwa kawaida mwezi Septemba; wa pili atafungasha mizigo. Vyuo vingine huruhusu sapu kwa wastani ulio chini kidogo ya 2.0, lakini kanuni ni ile ile: aliye chini ya mstari hapewi nafasi ya kurudia.

Kwa hiyo mara nyingi kinachomwondoa mwanafunzi si zile E mbili, bali zile C tatu. Mwenye C tupu ana wastani wa 2.0 kamili, amefaulu kila somo na bado amesimama ukingoni, na somo moja likiteleza hana cha kushikilia. Sapu nayo haiokoi sana wastani, kwani hata aliyeifanya vizuri huandikiwa C, si zaidi.

Ziko njia nyingine za kufika huko huko: kushindwa tena baada ya sapu pale ambapo kanuni haziruhusu somo kubebwa hadi mwaka unaofuata, kupitisha muda wa juu uliowekwa kwa ajili ya shahada, au kutofika kwenye chumba cha mtihani bila sababu iliyokubaliwa. Hii ya mwisho huwaumiza wagonjwa. Mwanafunzi anayeugua, anayejifungua au aliyefiwa ana haki ya kuomba kuahirisha mtihani au mwaka mzima, lakini ombi hilo hupokelewa kwa wepesi likija kabla ya mtihani, likiwa na cheti cha hospitali. Likija baada ya matokeo, huonekana kuwa kisingizio hata kama ni kweli tupu.

Kwa kulinganisha, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, ambacho nacho hutumia kipimo cha 5.0, humweka kwanza mwanafunzi aliye chini ya 2.0 katika kipindi cha uangalizi, na humwondoa akiandikiwa uangalizi huo mara tatu mfululizo. Anaweza pia kuondolewa akishindwa somo lile lile mara ya tatu, au akizidisha muda wa masomo kwa zaidi ya miaka miwili. Mfumo huo una kengele kabla ya moto. Katika vyuo vya Tanzania kengele ni matokeo ya muhula wa kwanza, yanayotoka katikati ya mwaka wa masomo, nayo hulia kwa sauti ndogo: hakuna anayemwita mwanafunzi ofisini, ni tarakimu tu katika akaunti yake ya intaneti.

Kuondolewa kwa kushindwa mitihani kusichanganywe na kufukuzwa kwa nidhamu, au kwa kunaswa na karatasi za kuibia. Hayo yana taratibu na makovu tofauti. Hata hivyo, tukio mashuhuri kuliko yote la kufukuzwa wanafunzi Tanzania lilikuwa la kisiasa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Walio wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata, na wakamaliza masomo.

Wiki za kwanza

Matokeo yanayoonekana kwanza katika akaunti ya mwanafunzi huwa ni ya awali. Hayawi ya mwisho mpaka yapitishwe na vikao vya chuo, cha juu kabisa kikiwa Seneti. Kati ya siku hizo mbili kuna nafasi ya kufanya jambo ambalo wengi hawalifanyi kwa aibu: kwenda idarani kukagua alama. Makosa hutokea. Alama za jaribio hazikuingizwa, somo limesajiliwa kwa namba isiyo yake, karatasi moja haikuhesabiwa. Mwanafunzi aliyetunza majaribio yake yaliyosahihishwa ana ushahidi mkononi. Aliyeyatupa ana maneno matupu.

Baada ya uamuzi wa Seneti huja barua. Inapaswa kusomwa hadi mwisho, kwa utulivu, na ikiwezekana mbele ya mtu wa pili, kwa kuwa aliyefadhaika husoma sentensi ya kwanza tu. Barua hiyo, pamoja na kijitabu cha kanuni za mitihani, ndivyo vinavyoeleza sababu ya kuondolewa, muda wa kukata rufaa, ada ya rufaa na masharti ya kuomba upya. Rufaa si barua ya kuomba huruma. Chuo husikiliza hoja za aina chache: kwamba usahihishaji ulikuwa na kasoro, kwamba hesabu ilikosewa, kwamba taratibu za mtihani zilikiukwa, au kwamba kulikuwa na ugonjwa uliothibitishwa ambao chuo hakikuuzingatia. Anayeandika kurasa tano juu ya umaskini wa nyumbani kwao, hata kama kila neno ni la kweli, huwa hajajibu swali lililoulizwa.

Nchini Kenya mwanafunzi ana ngao ya ziada. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010, na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza, vinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa taratibu za haki na kupewa sababu za uamuzi unaomwathiri. Lakini huko nako mahakama huwa nzito kuingilia alama zenyewe. Hutazama zaidi kama taratibu zilifuatwa.

Kwa mwanafunzi wa kigeni kuna jambo la kuharakisha kuliko hata rufaa. Kibali cha kuishi cha daraja C, anachopewa mwanafunzi nchini Tanzania, kimejengwa juu ya usajili wake chuoni. Usajili ukiondoka, msingi wa kibali umeondoka. Ni heri kwenda ofisi ya Uhamiaji mapema na kueleza hali ilivyo kuliko kukutwa mtaani na karatasi isiyo na nguvu.

Kunyamaza

Hasara kubwa haitokani na matokeo, hutokana na yanayofuata. Kijana aliyedisko huhama hosteli, kwa sababu haruhusiwi tena kukaa, akapanga chumba karibu na chuo, au akajibanza katika geto la rafiki. Asubuhi anatoka na begi kama wengine. Nyumbani wanaendelea kutuma ada na fedha za matumizi. Mwaka mmoja unapita, pengine miwili, mpaka siku ndugu wanapoanza kuuliza tarehe ya mahafali ili wakate tiketi za basi. Waswahili husema mficha uchi hazai, na katika jambo hili msemo huo unapimika kwa fedha: kila muhula wa kimya ni ada ambayo ingelipa kozi nyingine.

Wanaonyamaza si wahuni. Wengi ni wale waliokuwa tumaini la ukoo, walioshangiliwa kijiji kizima walipofaulu kidato cha sita, na ambao shamba au ng'ombe waliuzwa kwa ajili yao. Kwao kusema "nimerudishwa" ni kama kurudisha ng'ombe aliyekwisha chinjwa. Ndiyo maana njia ya kale ya kupitisha habari nzito bado inafaa: mjomba, shangazi au dada mkubwa anayeaminika kuambiwa kwanza, kisha yeye akae na baba na mama kijana akiwapo. Kijana akija na barua ya chuo mkononi, pamoja na maelezo ya hatua anayokusudia, mazungumzo hupata pa kwenda. Akija na machozi peke yake, kikao huishia kwenye lawama.

Upande wa wazazi, swali la manufaa si "Umetuaibisha kwa nini?" bali ni nini kilichotokea tangu muhula wa kwanza. Majibu huwa ya kawaida kuliko wanavyodhani. Ada iliyochelewa ilimzuia kusajiliwa, akaingia darasani mwezi wa pili wa muhula. Kozi haikuwa chaguo lake. Alipangiwa kwa sababu nafasi ilikuwapo. Alikuwa akifanya kazi usiku. Alikuwa akicheza kamari za mpira kwa fedha za mkopo, zile ziitwazo "bumu". Alikuwa mgonjwa wa mawazo bila kujua. Au lugha: Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kuanzia sekondari, na wengi hufika chuoni wakijua kukariri kuliko kuandika hoja. Kijana wa Bujumbura au Bukavu aliyesomeshwa kwa Kifaransa ana mlima mrefu zaidi. Kila sababu ina dawa yake, na kumrudisha mtoto chuoni bila kuijua sababu ni kulipa ada mara mbili kwa kosa moja.

Jambo moja halipaswi kusubiri kikao cha ukoo. Kijana anayeacha kula na kulala, anayegawa vitu vyake, au anayetamka kwamba hana haja ya kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa na za mikoa zina huduma za afya ya akili, na ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni ina wajibu wa kusaidia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hofu ya sheria hiyo huzifanya familia zifiche. Lakini anayepelekwa hospitali kwa sababu ya mawazo hayo hajatenda kosa lolote.

Deni halifi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haifuti mkopo kwa sababu mkopaji hakuhitimu. Fedha alizokwisha pokea, za ada na za chakula, zinabaki kuwa deni. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Nafuu iliyopatikana ni kuondolewa, mwaka 2021, kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikitozwa kulinda thamani ya mkopo, tozo ambayo ilifanya baadhi ya madeni yakue kila mwaka hata mkopaji akiwa analipa.

Deni hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kurejea masomoni. Miongozo ya HESLB ya miaka ya karibuni inamtaka mnufaika aliyesitishiwa masomo awe amerejesha angalau asilimia 25 ya mkopo wa awali kabla ya kuomba mwingine. Kijana asiye na kazi hupata wapi robo hiyo? Ni swali ambalo mfumo haujalijibu vizuri, na linawaangukia zaidi watoto wa maskini, kwa sababu mwenye baba mwenye uwezo hahitaji mkopo wa pili. Anayekusudia kurudi chuoni afanye hesabu hii mwanzoni, wala asiikute dirishani siku ya usajili.

Kurejea

Cheti cha kidato cha sita, au stashahada iliyompeleka chuoni, havikuchukuliwa. Hilo husahaulika. Kwa vyeti hivyo anaweza kuomba upya, katika chuo kile kile kwa kozi nyingine au katika chuo kingine, kwa masharti na muda wa kusubiri uliowekwa katika kanuni za chuo husika. Maombi hufunguliwa katikati ya mwaka na huwa na awamu zaidi ya moja, hadi karibu na Oktoba. Kuficha historia hakufai kitu: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ile ile aliyoitumia mara ya kwanza. Ni vyema pia aombe nakala rasmi ya matokeo ya masomo aliyofaulu, maana chuo kingine chaweza kuyatambua baadhi yake.

Njia ya pili ni kushuka ngazi ili kupanda. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, hutoa astashahada na stashahada katika uhasibu, afya, kilimo, ujenzi, kompyuta na fani nyingine nyingi. Stashahada yenye wastani wa 3.0 humrudisha mtu kwenye mlango wa shahada kwa sifa mpya kabisa. Watu huidharau njia hii, wakiona aibu kumwona aliyekuwa mwaka wa pili wa uhandisi akianza stashahada. Lakini hutoa kitu ambacho mwaka wa kwanza wa chuo kikuu haukumpa: mazoezi ya mikono, madarasa madogo, na cheti kinachoajirika hata kama shahada haitafuata. Vyuo vya VETA viko chini zaidi kwa ngazi na karibu zaidi na kazi.

Ya tatu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinachofundisha kwa masafa kupitia vituo vya mikoa. Kinamfaa sana aliyeondolewa kwa sababu ya fedha, kwani anaweza kufanya kazi huku akisoma na kulipa kidogo kidogo. Hakimfai aliyeshindwa kupanga muda wake. Mtu ambaye hakuweza kufika mhadhara uliokuwa mita 200 kutoka hosteli yake ataona taabu zaidi kusoma peke yake, usiku, baada ya kazi, bila wa kumuuliza amefika wapi.

Wengine hupumzika mwaka mmoja kwanza, wakifanya kazi dukani, shambani au kwenye bodaboda. Mwaka huo si wa kupotea ikiwa una kikomo kilichowekwa na fedha inayotengwa, hata kama ni ndogo. Bila kikomo, mwaka huzaa mwaka.

Aliyerejea, kwa njia yoyote ile, ana silaha ambayo wenzake wa mwaka wa kwanza hawana: anaijua hesabu. Anajua kwamba alama 40 za kazi za darasani hukusanywa kidogo kidogo kuanzia wiki ya tatu au ya nne, wakati wengine bado wanatafuta vyumba. Anajua kwamba C ya somo jepesi ni hatari iliyovaa nguo za kufaulu. Jaribio la kwanza likirudi na alama 9 kati ya 20, siku hiyo hiyo anakwenda kwa mhadhiri na karatasi yake mkononi kuuliza ni wapi alipopoteza zile 11.